Sura ya Saba: Juya Huvutwa kwa Wimbo, Kitabu Je?

Mpagazi wa karne ya 19 alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei, na juu yake akaongeza mkeka wake, chungu chake na posho yake. Kutoka Unyanyembe, Tabora ya leo, hadi pwani ilikuwa safari ya miezi miwili na nusu au mitatu kwa miguu. Misafara mingi iliteremkia Bagamoyo. Mingine ilishika njia ya kaskazini ikatokea Saadani, mji mdogo unaotazamana na Unguja, ambao siku hizi watu huujua zaidi kwa hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005 kuliko kwa pembe za ndovu zilizopita pale. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Yeye ndiye aliyeshika mwendo, na ndiye aliyeanzisha wimbo. Nyuma yake mamia ya watu waliitikia, ngoma zikilia na barghumu zikijibu, na wasafiri wa Kizungu waliofuatana nao wakaandika katika vitabu vyao, wengine kwa kuvutiwa na wengine kwa kukereka, kwamba watu hawa waliotwishwa mizigo kama ile bado walikuwa na pumzi ya kuimba.

Hawakuimba kwa sababu walikuwa na pumzi ya ziada. Waliimba ili pumzi itoshe.

Naanza na wapagazi kwa sababu ya swali ambalo wanafunzi huulizana kila mwisho wa mwaka: nisikilize muziki gani ili nimalize? Kwa kidato cha nne mwisho huo ni Oktoba na Novemba, vuli inapoanza kulowesha mabati ya bweni. Kwa mwanachuo ni Juni na Julai, kusi likivuma, baridi kidogo usiku hata huku pwani. Ripoti ya fildi haijaguswa, asaimenti tatu zinadaiwa kwa mpigo, kundi la majadiliano limebaki watu wawili, bumu limekwisha wiki tatu zilizopita. Mbele kuna sapu, na nyuma ya sapu kuna kudisko. Basi kijana anachomeka spika masikioni, anatafuta orodha ndefu ya nyimbo, anapiga msuli mpaka saa tisa za usiku. Asubuhi anajua maneno ya nyimbo zote, na sura ya nne ya kitabu bado hajui inasema nini.

Jibu la haraka ni kwamba muziki husaidia, angalia wapagazi. Jibu jingine la haraka, la walimu wengi wa zamu, ni kwamba muziki ni utoro wa kukaa kitini, zima hiyo simu. Yote mawili yana kosa lile lile: yanauliza juu ya muziki kabla ya kuuliza juu ya kazi.

*

Tuanze na kazi ambayo muziki umethibitika kuisaidia. Ufukweni, kuanzia Bagamoyo kwenda Saadani na kuvuka hadi Pangani, wavuvi wanaovuta juya hushika kamba safu mbili, miguu ikizama mchangani, na mmoja wao hutoa sauti. Wenzake huitikia wanapovuta. Hawavuti wakati wa kusikiliza, wala hawasikilizi wakati wa kuvuta: kiitikio ndicho mvuto wenyewe. Hali kadhalika kushua jahazi jipya majini, kutweka tanga zito, kutwanga kinu kwa michi mitatu. Mkitwanga watatu bila mpigo wa pamoja, mtagongana.

Mwanauchumi wa Kijerumani Karl Bücher aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1896, akikusanya nyimbo za kazi kutoka pande nyingi za dunia, na akafika mbali hata kudai kwamba muziki na ushairi vilizaliwa kazini. Dai lake la asili ya muziki wengi hawalikubali tena, lakini alichokiona juu ya kazi bado kinasimama. Mpigo huondoa uamuzi. Mtu anayefanya kazi ya kurudiarudia huchoshwa na misuli, na huchoshwa pia na kuamua kila mara aanze lini tena. Wimbo unamwamulia.

Kuna na la pili. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwapima wapiga makasia wa chuo hicho wakifanya mazoezi kwenye mashine, mara nyingine mmoja mmoja, mara nyingine pamoja kwa mpigo mmoja. Nguvu waliyotoa haikutofautiana. Lakini baada ya kuvuta pamoja, uvumilivu wao wa maumivu, uliopimwa kwa kubana mkono na mkanda wa presha, ulipanda zaidi kuliko walipovuta kila mtu kivyake. Watafiti wale wanaamini ni endorfini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea. Mvuvi wa Saadani angewaambia hivyo bila mkanda, ila asingetaja jina la dawa.

Sasa tazama kazi za mwisho wa mwaka kwa macho hayo. Ndani ya kitu kinachoitwa kwa jumla “kumaliza kazi” mna kazi za aina nyingi, na baadhi yake ni kuvuta juya kabisa: kuingiza majibu ya madodoso 80 kwenye kompyuta, kunakili desa la mwenzako lenye kurasa 40, kuchora upya jedwali, kupanga marejeo kwa alfabeti, kurekebisha pambizo za ripoti nzima kwa sababu msimamizi hataki nafasi ile. Hapa weka chochote. Weka taarabu, weka Msondo, weka Diamond, imba kwa sauti kama unakaa peke yako. Mkono unajua la kufanya, akili haina kazi, na akili isiyo na kazi ndiyo inayokwambia ulale.

Nimeona wanafunzi wakifanya kinyume: wanaingiza takwimu kwa ukimya wa kaburi, kwa kuwa hiyo ni kazi ya kompyuta na inaonekana ya maana, halafu wanafungua muziki wanapoanza kusoma, kwa kuwa kusoma kunachosha. Wamegeuza.

*

Kusoma ni habari nyingine, na hapa itabidi tukae.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walitoa maelezo ya namna akili inavyoshika mambo kwa muda mfupi wakati inayafanyia kazi. Sehemu moja ya maelezo hayo ni sauti ya ndani. Unaposoma sentensi ndefu, ile sauti inayokusomea kichwani hushikilia mwanzo wa sentensi mpaka mwisho wake ufike. Uwezo wake ni mdogo, maneno ya sekunde mbili hivi, kisha lazima uyarudie la sivyo yanafutika. Ni ngalawa ya mtu mmoja: akipanda wa pili, wote wawili wanalowa. Na tatizo la sauti ya mwanadamu ni kwamba haiombi ruhusa ya kupanda. Macho unaweza kuyafumba, sikio halina kope.

Baddeley na mwenzake Pierre Salamé walilionyesha hili miaka ya 1980 kwa majaribio mepesi. Watu walitazama orodha ya tarakimu, wakatakiwa kuzikumbuka kwa mpangilio, huku nyuma yao kukisikika kitu walichoambiwa wakipuuze. Maneno yaliwavuruga, ingawa hawakutakiwa kuyasikiliza. Nyimbo zenye maneno ziliwavuruga kuliko muziki wa ala tupu. Ukimya uliwafaa kuliko vyote.

Mpenzi wa rumba hapa hutabasamu. Mimi nasikiliza Franco, atasema, nasikiliza Kilingala, sielewi hata neno, basi hayanihusu. Hoja nzuri, na ni nusu ya kweli. Mwaka 1976 watafiti Colle na Welsh waliwasikilizisha Wamarekani wasiojua Kijerumani maandishi yaliyosomwa kwa Kijerumani, na kumbukumbu yao ya muda mfupi ilivurugika vilevile. Kwa kazi ya kushika vitu kwa mpangilio, mathalani kanuni ya kemia, hatua za hesabu, majina ya mifupa ya mkono, sauti ya binadamu inatosha kuleta fujo, iwe na maana au isiwe nayo. Lakini kwa kusoma ili uelewe, majaribio mengine ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba maana ndiyo inayoumiza zaidi: maneno unayoyaelewa yanapigania nafasi moja na maneno unayoyasoma. Kwa hiyo Franco atakusumbua ukikariri, na atakusumbua kidogo tu ukisoma historia. Ukubwa wa hasara unategemea ulichoshika mkononi.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania kuna jambo ambalo vitabu hivi vya Uingereza na Marekani havikulifikiria. Kuanzia kidato cha kwanza yeye anasoma kwa Kiingereza, na nyimbo anazozipenda ni za Kiswahili. Kitabu kiko katika lugha anayoihangaikia. Wimbo uko katika lugha inayoingia yenyewe. Sentensi ya kitabu inahitaji kubebwa neno kwa neno, ya Bongo Fleva inateleza hadi ndani bila kugusa ukingo. Katika mashindano hayo sihitaji maabara kujua nani atashinda. Kijana wa London anayesoma Kiingereza huku akisikiliza Kiingereza anapigana vita vya sawa kwa sawa. Wetu anaanza amefungwa mkono mmoja, kisha anajifunga wa pili.

Na mapenzi hayaokoi. Watafiti huko Wales mwaka 2011 walilinganisha muziki ambao watu wanaupenda na ule wanaouchukia wakati wa kukariri mpangilio. Wote uliwaharibia kwa kiasi kilekile. Kinachotuhadaa ni kwamba tukisikiliza tunachokipenda tunajisikia vizuri, na mtu anayejisikia vizuri hudhani anafanya vizuri.

Hapa ndipo mahali pa kusema neno moja tu juu ya Mozart, maana hakuna mwanafunzi asiyewahi kuambiwa kwamba Mozart huongeza akili. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha jaribio la wanafunzi 36 wa California waliosikiliza dakika 10 za sonata yake ya piano mbili, wakafanya vizuri zaidi katika mafumbo ya maumbo kwa muda wa dakika 10 au 15. Basi. Mwaka 1998 gavana wa Georgia alikuwa tayari anaomba bajeti ya kumpelekea kila mtoto mchanga muziki huo nyumbani. Baadaye watafiti wa Kanada waligundua kwamba hadithi ya Stephen King ilifanya kazi ileile kwa waliopenda hadithi, na kwamba kilichosaidia ni kuchangamka tu. Kumbuka pia kwamba wanafunzi wale walisikiliza kwanza, wakaacha, kisha wakafanya mafumbo. Hakuna aliyewawekea Mozart wakati wa mtihani.

Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2011 ulikusanya majaribio ya miongo mingi juu ya muziki wa pembeni. Ukijumlisha yote, athari ilikaribia sifuri. Watu wavivu husoma hapo wakasema muziki hauna maana. Lakini sifuri ile ilitokana na mambo mawili yaliyofutana: muziki uliinua hisia na kusaidia michezo, na uliharibu kusoma na kupunguza kidogo kumbukumbu. Ndiyo juya na kitabu, vimewekwa kwenye mzani mmoja.

*

Kuna kazi moja ya kichwa, hata hivyo, ambayo wimbo ndio mwalimu wake, na pwani hii imeijua tangu zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda aliyeishi Bagamoyo kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili Berlin, aliandika mwishoni mwa karne ya 19 habari za desturi za watu wa Mrima, zikachapishwa mwaka 1903 na Carl Velten. Humo ameeleza namna mtoto anavyopelekwa chuoni kwa mwalimu. Yeyote aliyepita madrasa anajua sauti ya mahali hapo: watoto wote kwa pamoja, kila mmoja kwenye aya yake, wakiyumba mbele na nyuma, kelele kama soko. Mgeni hudhani ni fujo. Lakini hakuna anayesikiliza sauti ya mwenzake. Kila mmoja anatoa sauti yake. Tofauti hiyo ni kubwa. Sauti ya ndani imetolewa nje, imepewa kazi, hivyo sauti ngeni haipati pa kukaa.

Tenzi nazo zilijengwa kwa akili hiyo. Kila ubeti vipande vinne, kila kipande mizani nane, vina vitatu vinafanana na cha nne kinarudi kila ubeti mpaka mwisho wa utenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi wake wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, vita ambavyo Bwana Heri bin Juma wa Saadani alikuwa mmoja wa waliosimama imara mpaka mwaka 1890, hakuutunga usomwe kimyakimya. Uliimbwa. Anayesahau neno, mizani inamwambia limepungua, na kina kinamwonyesha lilikuwa linaishia vipi. Mtu anayeimba beti 100 hashiki vitu 100. Anashika lahani moja na kanuni moja, na maneno yanajipanga humo.

Mwanasaikolojia wa Marekani Wanda Wallace alilipima hili mwaka 1994. Maneno yaliyoimbwa yalikumbukwa zaidi ya yaliyosemwa, lakini kwa sharti: lahani iwe nyepesi na irudiwe ubeti baada ya ubeti. Ikisikika mara moja tu, lahani yenyewe ilikuwa mzigo wa ziada. Kwa hiyo usitafute wimbo mpya wa kukaririsha jedwali la elementi. Chukua lahani uliyokua nayo, ya kaswida, ya kwaya, ya mchezo wa watoto, uitie maneno yako, uimbe mara nyingi mpaka jirani achoke. Kuimba unachokikariri ni kusoma. Kusikiliza wimbo wa mtu mwingine huku unakariri ni kitu kingine kabisa, japo kwa anayepita dirishani vyote viwili vinasikika kama muziki.

*

Bagamoyo pana wanafunzi ambao swali letu kwao limepinduka. Chuo cha Sanaa kilianzishwa pale mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Mwanafunzi wa pale akiwa na kazi ya mwisho wa mwaka, kazi yenyewe ni muziki, au ngoma, au tamthilia. Mitaa ya karibu inazisikia ngoma za mazoezi tangu asubuhi. Mwambie mtu aliyepiga marimba kwa saa sita kwamba muziki hupunguza uchovu, uone atakavyokutazama. Yeye anachohitaji jioni ni bahari, na mtu asiyeongea.

Lakini ni pale pale Bagamoyo nilipoipata dawa ninayowapa wanaosisitiza kwamba hawawezi kusoma kwa ukimya. Wapo, na sibishani nao. Bweni lenye watu wanane halina ukimya. Chumba cha kupanga ukuta mmoja na baa hakina ukimya. Kati ya maongezi ya jirani yako na muziki usio na maneno, chagua muziki, kwa sababu maongezi ndiyo adui mkubwa. Hapo natuma watu kwa Hukwe Zawose.

Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alimleta Dar es Salaam kwenye kikundi cha taifa, baadaye akahamia Bagamoyo, akafundisha chuoni, akakaa pale mpaka alipofariki Desemba 2003. Dunia ilimjua kwa santuri alizorekodi na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Ilimba yake, sanduku kubwa lenye vijiti vingi vya chuma, haikupigwa kama ala ya kusindikiza tu. Vidole gumba viwili vilisuka mifumo miwili inayopishana, ikirudi na kurudi na kubadilika kidogo kidogo, na juu ya mlio wa chuma kuna mvumo mwembamba unaotoka kwenye utando wa buibui uliogandishwa kwenye tundu la sanduku. Vipande vya ilimba peke yake, bila kuimba, vina sifa zote ambazo mtu wa maabara angeziomba: hakuna maneno, hakuna mabadiliko ya ghafla, kuna mwendo wa kutosha wa kukuzuia usisinzie, na baada ya dakika tano sikio limeacha kuufuatilia. Vinafunika maongezi ya baraza bila kuleta mengine mahali pake.

Nasema ilimba peke yake. Zawose akianza kuimba, na sauti yake ilipanda kutoka kifuani hadi mahali ambapo wanaume wengi hawafiki, funga kitabu. Hiyo ni ya kusikiliza. Hali kadhalika Zawose Queens, Pendo na Leah, wa ukoo huohuo, waliotoa albamu yao Maisha mwaka 2024: sauti zile zimepangwa ili zikushike. Ukiziweka nyuma ya somo la uchumi, umelikosea somo, na umewakosea kina mama wale pia.

*

Singeli nimeiacha makusudi mpaka hapa, kwa sababu wanafunzi wengi wa Pwani na Dar es Salaam ndiyo wanayoitaka, na wakubwa ndiyo wanayoitukana. Mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika, mara nyingine unakaribia 300. Hakuna moyo wa mwanadamu aliyeketi unaokwenda hivyo. Kusoma na singeli siwezi kukutetea. Lakini saa mbili za kusoma zikiisha, simama, sukuma kiti, iweke kwa sauti, cheza nyimbo mbili mpaka jasho likutoke, kisha izime. Wale wanafunzi wa California walichangamka kwa Mozart, wale wa Kanada kwa Stephen King. Wa Manzese na Bagamoyo wachangamke kwa chao. Kuchangamka hudumu dakika kadhaa tu, ambazo zinatosha kukurudisha kitini, na kurudi kitini ndiyo sehemu ngumu ya usiku. Mkiwa kundi la majadiliano, chezeni pamoja. Habari ya wapiga makasia wa Oxford umeshaisoma.

Kinachobaki ni usingizi, na hapo muziki haubadilishi kitu, wala kahawa. Unachokisoma saa tisa za usiku kwa nguvu za spika ya masikioni hakijapata mahali pa kulala ndani yako, kwa kuwa wewe mwenyewe hujalala. Wapagazi wale, pamoja na nyimbo zao zote, walianza safari alfajiri na kutua mizigo kabla jua halijawa kali.

Halafu inakuja siku ya kukabidhi, na unaingia steshenari. Foleni imetoka nje, wino umekaribia kwisha, na kijana wa mashine ameweka spika yake kubwa mlangoni ikilia singeli kwa nguvu hata kopo la pini linatembea lenyewe juu ya meza. Wewe uliyejilinda na maneno kwa wiki tatu unataka kumwomba apunguze. Usimwombe. Tazama mikono yake: karatasi zinatoka, anazigonga mezani mara mbili zikae sawa, anazitoboa, anazibaindi, anampa mtu, anashika nyingine, na kila mgongo wa ripoti unafungwa kwenye mpigo. Ana ripoti 60 kabla ya saa kumi, na hakuna hata moja anayotakiwa kuielewa.